Jembe la Kipa wa Ziwani

Mama yake Vitalia hakuwa mtu wa kucheka shambani. Alicheka sokoni, alicheka nje ya kanisa baada ya misa, hata msibani aliwahi kuponyokwa na kicheko hadi wifi yake akamkanyaga mguu. Lakini shambani, jembe likiwa mkononi, alikuwa mtu wa kazi na nyimbo za kwaya basi. Kwa hiyo Ijumaa ile ya wiki iliyofuata Pasaka, Vitalia aliposikia kicheko cha mama yake kikipanda kutoka chini ya mteremko, alitua ndoo ya uji palepale njiani akashuka mbio.

Alichokikuta kilimfanya azibe mdomo kwa kanga.

Hamphrey, mgeni wao, alikuwa katikati ya shamba, suruali ameikunja hadi magotini, jembe la mama mkononi, analima. Tena analima kwa raha zake, na kila udongo anaouchimba anaurusha chini ya mteremko, kwenye mahindi ya jirani.

"Mama! Umemwacha alime?"

"Nimwacheje?" Mama Vitalia alikuwa ameketi kwenye tuta, machozi ya kicheko yanamtoka. "Nimegeuka kufunga kanga tu, nikirudi jembe halipo. Ananiuliza, 'Mama, mgongo hauumi?' Sijajibu, ameshainama."

"Hamphrey, weka jembe chini. Tafadhali."

"Na wewe umeamkaje?" Hamphrey alimjibu, akanyooka, akamtazama.

Kwa mtazamo ule Vitalia alisahau alichotaka kusema. Ni mwaka mzima alikuwa akiisikia sauti hiyo kwenye simu, akiwa nyuma ya jiko, akiwa kwenye kahawa, akijifanya anaongea na rafiki yake wa Songea. Sasa mwenye sauti alikuwa mbele yake, ana udongo kwenye nyusi, na mama yuko pembeni anaangalia.

Wewe usiyewahi kufika Litembo, ngoja nikueleze kisa cha kucheka. Milima yetu ni mikali, na mvua ikiamua inaweza kushusha shamba zima mtoni. Ndiyo maana wazee wa Kimatengo walibuni ngoro. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, hadi shamba linajaa miraba. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Panabaki shimo la kushika maji na tuta la kupandia maharage. Nyasi ni za mwanaume, jembe ni la mwanamke. Haijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mwanaume akishalaza nyasi zake, anakaa pembeni na kuzungumza mpira.

Hamphrey angejulia wapi? Kwao ni Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kule muhogo unalimwa na yeyote mwenye mikono, na mwanaume ambaye hajaenda ziwani akionekana amekaa huku mama mtu mzima ameinama, wataulizana kama anaumwa.

Tena hakuwa kibarua pale, wala hakuwa mkwe. Alikuwa mgeni wa mpira.

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, ligi za vijijini hukutana. Kila ligi huchagua wachezaji wake wazuri, wanaunda kombaini, na kwa wiki nzima watu hawalali wala hawasikilizani. Mwaka mmoja kombaini ya Milimani inashuka ziwani, mwaka unaofuata kombaini ya Ziwani inapanda. Wageni hawalali gesti. Wakishuka kwenye gari wanapanga mabegi yao uwanjani, na wenyeji wanachagua. Ukishika begi, mwenye begi ni wako mpaka Jumapili: utamlisha, utamlaza, na siku ya kuondoka utambebea begi lake hadi garini, hata kama ameifunga timu yako mabao matano.

Mwaka huu Mzee Pankras, baba yake Vitalia na mwenyekiti wa ligi ya Milimani, alikuwa amepanga kuchukua kocha wa Ziwani ili amchunguze. Kabla hajavaa miwani yake, binti yake alikuwa ameshalikumbatia begi la bluu.

"Hili jepesi, baba," alisema.

Lilikuwa zito kuliko yote. Lilikuwa na dagaa wakavu debe zima, zawadi kwa mwenyeji. Na lilikuwa la kipa wa Ziwani, yule yule ambaye mwaka jana kule Mbamba Bay, timu ya netiboli ya Milimani ilipoandaliwa samaki, alimwona msichana mmoja ameogopa miiba, akakaa karibu yake bila neno, akawa anachambua mbasa, samaki wa ziwa lao, taratibu na kumsogezea minofu kwenye sahani hadi akashiba. Ndiyo ilivyoanza. Wengine huanza kwa maua.

"Udongo rusha juu, baba," Mama Vitalia alimfundisha Hamphrey, maana kazi iliyoanza haiachwi. "Ukirusha chini unamlimia jirani. Enhee. Sasa zifukie nyasi zote, zisichungulie."

"Hivi, mama?"

"Hivyo hivyo. Kumbe mikono ya kudakia mipira ina akili." Aliinuka akijishika kiuno. "Ngoja nikaufuate uji, mwenzio ameutelekeza njiani."

Akawaacha. Mama mwenye macho ya kawaida asingewaacha, lakini huyu alikuwa na macho ya ziada, na tangu Jumatano alikuwa amehesabu ni mara ngapi binti yake amepeleka maji ya kunawa kwa mgeni ambaye hajaomba.

Vitalia alisubiri mama apotee kwenye migomba.

"Hamphrey, unajua ulichoshika?"

"Jembe."

"Jembe kwetu ni kazi ya mwanamke. Na jembe kwetu ndiyo posa. Mtu akitaka binti, mshenga anakuja na jembe jipya. Mama akilipokea, basi, binti ana mwenyewe." Sauti yake ilishuka. "Na Jumapili mchana linakuja moja. La Othmar."

Tabasamu lilimtoka Hamphrey usoni. Othmar alikuwa nahodha wa Milimani, mfungaji wao, kijana wa watu wenye kahawa nzuri kule Mapera.

"Umemkubali?"

"Ningemkubali ningekimbilia begi lako? Baba ndiye aliyempa siku. Hanichukii, Hamphrey. Anamwona Othmar ni mtoto wa hapa, basi. Kwake hapa ndiyo kila kitu."

"Basi nitaongea naye leo."

"Leo usiongee naye. Kesho ni fainali, ninyi na sisi. Leo hata mama hathubutu kumwomba chumvi."

"Nisipoongea leo, kesho ni mpira, keshokutwa gari linaondoka asubuhi, mchana jembe linaingia." Aliushika mkono wake, wenye udongo na usio na udongo ikakutana. "Vita, mimi kudaka najua jambo moja. Ukisubiri mpira ukufikie, umeshachelewa. Unautokea."

"Na ukiukosa?"

"Unaokota nyavuni. Lakini ulitokea."

Vitalia alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakupata nafasi ya lolote, kwa sababu juu njiani pikipiki ilisimama. Alikuwa Praygod, bodaboda anayejua habari za kata tatu, na simu yake ilikuwa juu.

"Kipa! Hebu lima tena kidogo, tuone!"

Hamphrey, mtoto wa watu asiyejua, akampungia mkono kwa furaha, akainama, akapiga jembe.

Uji haujapoa, video ilikuwa imefika Matiri.

* * *

Jioni Mzee Pankras aliingia nyumbani na kofia mkononi, dalili mbaya. Hamphrey alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. Aliweka simu mezani, na video ikaanza kucheza yenyewe: kipa wa Ziwani, matako juu, jembe hewani, na sauti ya Praygod ikicheka nyuma. "Nimetoka kwenye kikao cha fainali. Watu wazima, waamuzi, mpaka katekista. Wananiita mwenyekiti wa majembe. Wananiuliza kama mgeni wangu kesho atavaa glovu au kanga."

"Samahani sana, mzee. Sikujua kama ni mwiko."

"Siyo mwiko. Ni aibu. Mwiko una dawa."

"Mzee, nilimwona mama ameinama peke yake—"

"Ndiyo kazi yake!"

Jikoni, sauti ya mwiko wa ugali ilinyamaza. Vitalia alimtazama mama yake. Mama yake alitazama sufuria.

Hamphrey alishusha pumzi. Hapo mtu mwenye busara angenyamaza, akala ugali wake, akalala. Lakini kipa huyu alishasema, mpira ukija unautokea.

"Mzee, nimekosa moja, naomba niongeze yawe mawili, kisha unigombeze kwa pamoja. Nampenda Vitalia. Tumeongea mwaka mzima. Nataka kumleta mshenga kwa heshima zote, kwa desturi za hapa, na kama ni jembe nitaleta jembe. Mimi ni fundi wa injini za boti, sina makubwa, ila sijawahi kulala bila kazi. Sitaki uje usikie kwa watu."

Video ilikuwa imeisha.

"Vitalia!" Mzee Pankras aliita.

Vitalia alitoka jikoni, amepiga magoti kabla hajafika.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Kwa hiyo lile begi halikuwa jepesi."

"Hapana, baba. Nisamehe."

Mzee Pankras alikaa, na hasira ilipomtoka alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Kijana, nisikilize. Mimi sina ugomvi na ninyi Waanglikana. Mnasali, na kwa kuimba mnatuzidi. Wala sina ugomvi na samaki. Ugomvi wangu ni na ule mteremko. Dada yangu Beata aliolewa kwenu. Alishuka akiwa anaimba. Mama yetu alipokuwa anakata roho alikuwa anamwita, Beata, Beata, na mimi namwambia yuko njiani, mama. Na kweli alikuwa njiani. Mvua ilikata barabara, akapanda kwa miguu, akafika tumeshafukia. Alikaa juu ya udongo mbichi mpaka tukambeba. Mteremko wa kwenda kwenu ni mwepesi. Wa kurudi ndiyo kazi."

"Baba, siku hizi kuna lami," Vitalia alisema polepole.

"Lami inafika Mbamba Bay. Huko Liuli inafika?"

Alimgeukia Hamphrey tena.

"Othmar yuko hapo Mapera. Nikikohoa, anasikia. Na kesho hakuna atakayemcheka. Mwanaume anayechekwa na kijiji kizima, mke wake atajificha nyuma ya nani? Kesho mpira. Keshokutwa nitabeba begi lako kama desturi inavyotaka, na tutaagana kwa amani. Nimemaliza."

"Mimi sijamaliza," alisema Mama Vitalia.

Alikuwa amesimama mlangoni, mwiko bado mkononi. Katika nyumba ile baba akisema nimemaliza, huwa amemaliza. Hata Mama Vitalia mwenyewe alionekana kushangaa.

"Baba Vitalia, ngoro zako nimezifukia tangu nikiwa bibi arusi. Nimezifukia nikiwa na mimba ya huyu hapa. Mgongo huu unaujua kila mraba wa shamba lile. Leo ni mara ya kwanza mtu ameniuliza kama unauma."

"Mama Vitalia, mbele ya mgeni—"

"Mgeni ndiye aliyeuliza." Akageuka. "Njooni mle, ugali unapoa."

Walikula. Mzee Pankras alitafuna dagaa wa zawadi kwa muda mrefu sana, kama wenye miiba.

* * *

Uwanja wetu wa Litembo umelala upande. Anayeshambulia kuelekea kanisani anapanda, anayeshambulia kuelekea bondeni anashuka, na mpira ukitoka bondeni unatumwa mtu mwenye mbio. Jumamosi mchana ukungu ulikuwa umeinuka, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa shule, na Hamphrey alipoingia tu kwenye lango lake, mlima mzima ukaanza:

"Jem-be! Jem-be! Jem-be!"

Vijana walikuwa wamekuja na mipini. Mmoja alivaa kanga ya dada yake, akawa analima pembeni mwa uwanja, watu wanaanguka kwa kucheka. Vitalia, aliyekuwa na wenzake wa netiboli, alitamani ardhi impokee. Alimtazama baba yake kwenye meza ya kombe: ameketi wima, macho mbele, kofia imeshuka mpaka kwenye miwani.

Hamphrey alisikiliza kidogo. Kisha akavua glovu, akazichomeka kiunoni, akautemea mate mkono kama wakulima wafanyavyo, na hapo golini akainua jembe lisilokuwepo, akalima. Alilima mstari wa goli wote. Udongo aliurusha juu, siyo chini. Alipofika kwenye mlingoti akajishika mgongo, akapiga ukunga kama mama mtu mzima.

Uwanja ulipasuka. Safari hii hawakuwa wanamcheka. Walikuwa wanacheka naye, na hilo hata mtoto analitambua. Yule wa kanga alivua kanga yake polepole, kwa sababu mwenye utani alishauchukua utani wake.

Mama Vitalia, akiwa na kundi la wanawake waliotoka mashambani moja kwa moja, alikunja mkeka wao, wote wakahamia nyuma ya goli la Ziwani.

"Mama, hiyo ni timu pinzani!" mtu alipiga kelele.

"Timu pinzani, kipa wetu!" akajibu Gaudiosa, jirani yake, na vigelegele vikapigwa.

Mpira wenyewe ulikuwa wa jasho. Kipindi cha kwanza Othmar alipiga kichwa kilichokuwa kinaingia kwenye kona ya goli, Hamphrey akakitoa kwa vidole. Kipindi cha pili alilala kwenye tope miguuni mwa watu watatu, akatoka na mpira kifuani kama mtu aliyeokoa kuku wake. Kila alipodaka, wanawake wa Milimani walishangilia, na waume zao wakawaangalia kwa mashaka. Vitalia alisahau timu yake. Mara mbili alijikuta ameshika kichwa kwa sababu Milimani wamekosa bao, na mara mbili alishukuru.

Dakika za mwisho beki wa Ziwani aliunawa mpira. Penalti.

Othmar aliuweka mpira. Alipiga kulia, Hamphrey akaruka kulia, vidole vikaugusa, na mpira ukaingia hivyo hivyo.

Filimbi. Milimani bingwa. Mlima ukashuka uwanjani.

Othmar alikimbia hadi mbele ya goli, akainama, akalima mara mbili kwa dharau. Hamphrey alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Aliinua macho, akamtazama, akasema kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma ya goli waliisikia: "Udongo rusha juu, kaka. Hapo unamlimia jirani." Kisha akacheka, akampa mkono. Othmar hakujua afanye nini na mkono ule, akaupokea.

Hamphrey hakukimbilia kwenye gari. Alizunguka uwanja mzima akisalimia, akaanza na wale wenye mipini. Kwenye meza aliinama mbele ya mwenyekiti.

"Hongera, mzee. Timu yako ni nzuri."

"Asante," Mzee Pankras alisema.

Mama Vitalia, aliyekuja kumletea mumewe koti, aliinama sikioni kwake. Alidhani ananong'ona, lakini alikuwa mtu asiyejua kunong'ona, na Vitalia alisikia kila neno.

"Wewe ulipojifunga ile mechi ya Matiri, ulikaa ndani mpaka kahawa ikaiva. Hata mashine ya kusaga nilikuwa naenda mimi. Huyu amechekwa jana, leo, na amefungwa, na anasalimia watu. Sasa niambie nani wa kujificha nyuma ya nani."

Mzee Pankras alivaa koti. Alikosea mkono.

* * *

Jumapili asubuhi mwenyekiti hakuwepo nyumbani. Kwenye misa ya kwanza nafasi yake, benchi la mbele upande wa wanaume, ilikaa wazi, na watu waliiangalia kuliko walivyomwangalia padri. Mama Vitalia naye hakuonekana.

Baada ya misa magari ya wageni yalikuwa yanangurumisha injini uwanjani. Wenyeji walibeba mabegi, maharage, viazi, kahawa kwenye mifuko. Wengine walikuwa wanalia kabisa. Hamphrey alisimama mikono mitupu, kwa sababu desturi ni desturi: mgeni habebi begi lake, na wa kulibeba hakuwepo. Begi la bluu lilikuwa chini, kati yake na Vitalia.

"Nilibebe mimi," Vitalia alisema. Kope zake zilikuwa zimevimba.

"Ukilibeba wewe, watasema baba yako amenikataa hata kwa begi. Ngoja kidogo."

"Dereva anapiga honi, Hamphrey."

"Acha apige." Alimtazama kama mtu anayejaza kibuyu kwa safari ndefu. "Nikifika nitakupigia. Ukipokea jembe la watu, usipokee simu yangu. Nitaelewa."

"Sitalipokea."

"Vita, usigombane na baba yako kwa ajili yangu. Baba anayemwonea uchungu dada yake vile, siyo wa kugombana naye."

Kwa maneno hayo Vitalia alimpenda mara ya pili, na safari hii iliuma.

"Huyo siyo mwenyekiti?" mtu alisema.

Watu waligeuka. Kwenye njia ya kutoka shambani, Mzee Pankras alikuwa anapanda. Tope lilimfika magotini. Shati la Jumapili hakulivaa. Begani alikuwa na jembe la mke wake, na kila baada ya hatua chache alisimama akajishika mgongo. Praygod alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Mwenyekiti, umetoka wapi?" katekista aliuliza.

"Shambani. Palikuwa na miraba imebaki."

"Na mama?"

"Amelala. Nimemwambia alale." Akafika mbele ya Hamphrey, akihema. "Kijana, unamrushia jirani. Nimekuta mahindi ya Xaveri yamefunikwa nusu."

"Nilianza vibaya, mzee. Mama alinifundisha."

"Mimi hakunifundisha mtu, na nimeoa miaka yote hii. Udongo ule ni mzito." Akalishusha jembe begani. "Mzito sana, kumbe."

Kisha akalisimamisha jembe, akaugonga mpini kwenye jiwe mara moja, mara mbili, chuma kikachomoka. Alikifuta kwa kiganja, akafungua begi la bluu, akakilaza ndani juu ya maharage ya zawadi, akafunga zipu. Hata dereva aliacha honi. Hakuna mtu wa Litembo asiyejua maana ya jembe linalotoka nyumba yenye binti.

"Mzee," Hamphrey alisema, "hili nilifanyie nini?"

"Ulirudishe."

"Lini?"

"Kwetu mtu haleti jembe mwenyewe. Analituma kwa mshenga. Atafute mshenga anayejua kupanda mlima."

Vitalia alimshika baba yake mkono, bila kujali tope.

"Baba, na huyo wa leo mchana?"

"Atakuja, nitampa kahawa nzuri. Nitamwambia kwa heshima kwamba nyumba hii ina jembe lake, liko njiani linapanda kutoka ziwani." Alimgeukia Hamphrey. "Na ule mteremko haujafutika. Siku nikikohoa, mnapanda. Mvua, jua, lami, tope, mnapanda. Mkichelewa kunizika nitafufuka niwagombeze."

"Tutapanda, baba," Hamphrey alisema. Hakusema mzee.

Mzee Pankras aliinama, akalibeba begi la bluu mwenyewe hadi garini, mkono mmoja mgongoni. Watu walipisha njia. Othmar, aliyekuwa pembeni na wenzake, alilitazama lile begi likipita, kisha akainamisha kichwa, akaondoka taratibu kuelekea Mapera.

Gari liliposhuka kona ya kwanza, Hamphrey alikuwa bado ametoa kichwa dirishani. Baba alimpa Vitalia mpini uliobaki.

"Uweke mahali pakavu," alisema. "Usipinde."

Vitalia aliuweka begani, akapita katikati ya watu wote waliotoka misa, akaenda nyumbani kumwamsha mama yake.